Wajue viumbe wa udongoni wanaomfanyia mkulima kazi bila ujira

MSIMU wa kilimo wa mwaka 2021/22 utakumbukwa kwa muda mrefu na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia aina ya DAP ulivuka Sh100,000, na wapo waliorudi nyumbani mikono mitupu baada ya kuuliza bei dukani. Serikali iliingilia kati, na Agosti 8, 2022, mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ulioshusha bei ya mfuko wa DAP na wa urea hadi Sh70,000.

Chanzo cha mtikisiko ule kilikuwa mbali na mashamba yetu. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, na bei ya gesi ilikwishaanza kupanda katika soko la dunia mwaka 2021. Vita vya Urusi na Ukraine, vilivyoanza Februari 2022, viliongeza moto juu ya moto, kwa kuwa Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Mkulima wa Namtumbo, ambaye pengine hajawahi kuiona ramani ya Bahari Nyeusi, akajikuta anailipia vita hiyo kwa gunia la mahindi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kirutubisho kinachotafutwa kwa gharama yote hiyo kimejaa hewani. Asilimia 78 ya hewa tunayoivuta ni naitrojeni. Juu ya kila hekta moja ya ardhi, iwe Songea au Kariakoo, pamesimama zaidi ya tani 70,000 za kirutubisho hicho. Hata hivyo mhindi hauwezi kukitumia hata chembe moja, kwa sababu naitrojeni ya hewani imefungamana kwa nguvu kubwa mno. Mmea hufa njaa huku umezungukwa na chakula.

Mwanakemia wa Ujerumani, Fritz Haber, alifaulu kuuvunja mfungamano huo katika maabara mwaka 1909, na mwenzake Carl Bosch akaijenga teknolojia hiyo kiwandani. Kiwanda cha kwanza, kile cha Oppau, kilianza kazi mwaka 1913. Hadi leo viwanda vya mbolea huhitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na mgandamizo wa mara mia na zaidi ya ule wa hewa ya kawaida. Wakati huohuo, chini ya shina la mkunde uliojiotea nyuma ya nyumba, kiumbe asiyeonekana kwa macho anafanya kazi ileile bila tanuri, bila bomba la gesi na bila kelele.

Udongo una wakazi

Wengi wetu tuliolelewa mijini huuona udongo kuwa ni vumbi la kuoshwa miguuni. Ukweli ni kwamba kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye rutuba hubeba bakteria kwa mamia ya mamilioni, kuvu zenye nyuzi nyembamba kuliko nywele, na minyoo midogo isiyoonekana ila kwa hadubini. Juu yao wapo wale tunaowafahamu kwa majina: nyungunyungu, mchwa, jongoo na mbawakawa wanaoviringisha kinyesi cha ng'ombe. Wapo wanaovunjavunja majani makavu, wapo wanaotoboa njia za maji na hewa, na wapo wanaokula wenzao. Baadhi yao ni maadui wa mkulima, kama vile minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya nyanya na bakteria wanaosababisha mnyauko. Kwa hiyo anayesema kwamba kila kiumbe wa udongoni ni rafiki hajawahi kulima nyanya.

Raizobia, watengeneza mbolea

Katika orodha hiyo ndefu, bakteria wanaoitwa raizobia ndio waliochunguzwa zaidi. Wakulima wa kale katika nchi nyingi walikwishagundua kwamba nafaka hustawi vizuri mahali palipopandwa kunde au dengu msimu uliotangulia, ingawa hawakujua sababu. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walieleza kwamba siri imo katika vinundu vidogo vinavyoota kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Miaka miwili baadaye, Mholanzi Martinus Beijerinck alifaulu kuwatenga na kuwaotesha bakteria wanaoishi ndani ya vinundu hivyo.

Makubaliano baina ya mmea na bakteria ni ya kibiashara hasa. Mmea hutoa sukari na makazi. Bakteria hutoa naitrojeni iliyokwishatengenezwa. Mmea usiopata faida huweza hata kupunguza huduma kwa vinundu vivivu. Zao la soya lililostawi linaweza kukusanya kilo 100 za naitrojeni au zaidi kwa hekta katika msimu mmoja. Ili msomaji apate picha, mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Maharage ya kawaida hukusanya kiasi kidogo zaidi, na kwa sababu hiyo mara nyingi huhitaji msaada.

Si kila raizobia anafaa kwa kila zao. Kunde, karanga na njugumawe hupokea bakteria wengi wa kienyeji waliozoea udongo wa Afrika, ndiyo maana huota vinundu karibu kila mahali bila kuombwa. Soya ni mgeni aliyetoka Mashariki ya Mbali. Aina nyingi za soya humtaka bakteria wake maalumu, na shamba ambalo halijawahi kupandwa zao hilo huenda lisiwe naye kabisa. Watafiti wa taasisi ya IITA yenye makao yake Ibadan, Nigeria, walianza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzalisha mbegu za soya zisizochagua sana, ambazo huridhika na bakteria wa kienyeji. Hata hizo, katika maeneo mengi, hufanya vizuri zaidi zikiongezewa.

Nyongeza yenyewe huja katika pakiti ya unga mweusi, ambao ni mboji iliyosagwa na kupandikizwa bakteria hai. Unga ulio bora huwa na bakteria mamilioni mia kadhaa hadi bilioni moja katika kila gramu. Pakiti ya gramu 100 hutosha mbegu za kilo 10 hadi 15, kwa hiyo ekari moja ya soya huhitaji pakiti mbili au tatu. Matumizi yake ni rahisi. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari au gundi ili unga ushike, kisha huchanganywa taratibu kivulini hadi kila punje ivae koti jeusi, na kupandwa siku hiyohiyo katika udongo wenye unyevu. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuua kuvu haifai kuchanganywa hovyo na unga huu, kwani dawa nyingi za namna hiyo huua bakteria pia.

Neno la kuzingatia hapo ni "hai". Mbolea ya chumvichumvi inaweza kukaa ghalani mwaka mzima ikiwa kavu. Raizobia huuawa na jua, joto na ukavu. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua pakiti mbili katika duka moja la pembejeo, zikiwa zimepangwa dirishani pamoja na vibiriti na betri, jua la saa nane likizipiga sawasawa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado miezi minne. Soya iliota vizuri, ikageuka njano ikiwa na wiki tano, na ilipong'olewa mizizi ilikuwa myeupe, laini, bila kinundu hata kimoja. Muuzaji hakuwa tapeli. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba alikuwa anauza viumbe hai.

Namna ya kukagua kazi ya raizobia haihitaji maabara, na ni elimu inayomfaa hata mtu wa mjini aliyemwachia ndugu yake shamba kijijini. Mimea inapoanza kutoa maua, chimbua michache kwa jembe badala ya kuing'oa kwa mkono, maana vinundu hubaki ardhini. Osha mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu kama nyama mbichi, kazi inaendelea. Wekundu huo hutokana na kitu chenye undugu na kile kinachoipa damu yetu rangi. Pakiwa peupe, bakteria hawajaanza au ni wavivu. Pakiwa pa kijani au kijivu, kinundu kimezeeka. Na ili usivichanganye vinundu na uvimbe wa minyoo fundo, visugue kwa kidole: vinundu vya raizobia vimekaa ubavuni mwa mzizi na hudondoka kirahisi, ilhali uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura.

Afrika Mashariki na Kusini si wageni wa teknolojia hii. Zimbabwe imekuwa ikizalisha unga wa raizobia katika kituo cha Marondera tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipewa kituo cha vijidudu katika kampasi yake ya Kabete mwaka 1977, na bidhaa ya BIOFIX inayouzwa Kenya ilitokana na kazi ya hapo. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro kiliwahi kutengeneza unga wa soya ulioitwa Nitrosua. Mwaka 2009 ulianza mradi mkubwa wa N2Africa, uliofadhiliwa na Taasisi ya Bill na Melinda Gates na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi. Ulianzia katika nchi nane zikiwamo Kenya, Rwanda na Kongo, kisha Tanzania na Uganda zikajumuishwa.

Matokeo ya majaribio ya aina hiyo yamekuwa ya kupanda na kushuka, na ni vyema yasemwe hivyo. Katika shamba moja mavuno ya soya huongezeka kwa mamia ya kilo kwa hekta. Katika shamba la jirani, mbegu ileile na unga uleule, hakuna tofauti. Sababu ya kawaida ni fosforasi. Raizobia huhitaji fosforasi nyingi ili wafanye kazi, na hawawezi kuitoa hewani kwa kuwa haimo. Udongo wenye tindikali kali nao huwadhoofisha. Hapo ndipo chokaa ya kilimo na mawe ya fosfeti ya Minjingu, yanayochimbwa mkoani Manyara, yanapopata thamani. Na ni bahati njema kwamba mawe hayo huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali, kama ulivyo wa sehemu nyingi za Njombe na Ruvuma.

Mashimo ya Wamatengo

Tukiwa bado Ruvuma, inafaa tupande milima ya Mbinga. Wamatengo wamelima katika miteremko mikali ya huko kwa vizazi vingi bila udongo wao kuishia mtoni, na siri yao ni mashimo yaitwayo ngoro, ambayo wengine huyaita ngolo. Watafiti wa SUA na wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japan waliuchunguza mfumo huo katika miaka ya 1990, na waliyoyaona yalistahili safari yao.

Mvua zinapoelekea ukingoni, nyasi zilizorefuka hufyekwa na kuachwa zikauke. Kisha hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba yenye upande wa takriban mita moja na nusu hadi mbili. Kwa mazoea ya huko, kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya wanaume. Kuchimba ni kazi ya wanawake, na mwenye kujua uzito wa jembe atajua nani amebeba zigo kubwa. Udongo hutolewa katikati ya kila mraba na kumwagwa juu ya nyasi. Mlima mzima hubaki na sura ya sega la nyuki: matuta yenye nyasi tumboni, yamezunguka mashimo yanayokamata maji ya mvua na udongo unaoporomoka. Maharage hupandwa juu ya matuta kama mwezi Machi. Mvua za mwisho wa mwaka zikirejea, hupandwa mahindi.

Kwa nini maharage yatangulie? Anayejua kazi ya vijidudu anaweza kukisia jibu. Nyasi kavu zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria na kuvu wanaozivunja hulazimika kukopa naitrojeni kutoka kwenye udongo unaowazunguka ili wajijenge, na kwa wiki kadhaa mmea uliopo hapo hukosa chakula. Mahindi yangepandwa mara baada ya kufukia nyasi yangegeuka njano. Maharage hayapati shida kubwa, kwani yana watengeneza mbolea wao mizizini. Miezi inapopita, vijidudu hufa, hurudisha walichokopa, na mahindi hukuta meza imeandaliwa. Wamatengo hawakuwa na hadubini, lakini mpangilio wao unaafikiana na vitabu vya sayansi ya udongo.

Kanuni hiyo ndiyo inayowaponza wakulima wengi wapya, hasa wale waliohamasishwa na semina za kilimo hai. Hufukia mabua makavu ya mahindi au maranda ya mbao wiki moja kabla ya kupanda, kisha huona mimea yao ikidumaa na kulaani ushauri waliopewa. Mabua hayakukosea. Yalipaswa kufukiwa miezi miwili au mitatu kabla, au kulazwa juu ya ardhi kama matandazo, au kuchanganywa na samadi ili wavunjaji wawe na naitrojeni yao.

Mkoa huohuo wa Ruvuma ndio ulioipa nchi marejea. Wabenedikto wa Abasia ya Peramiho, akiwamo Padri Gerold Rupper, walitumia miaka mingi kuueneza mmea huu wa jamii ya kunde, wenye maua ya njano na mbegu zinazolia ndani ya maganda makavu kama kayamba. Hupandwa peke yake au katikati ya mahindi, hufunika magugu, na ukilazwa ardhini unapoanza kutoa maua huoza upesi kwa kuwa majani yake yana naitrojeni tele. Wakazi wa magharibi mwa Kenya huula kama mboga na kuuita mitoo. Jina la marejea linasema lenyewe kazi yake. Kinachosikitisha ni kwamba bei ya mbolea ya ruzuku ilipokuwa nafuu katika miaka iliyopita, mashamba mengi yaliyokuwa na marejea yaliachana nayo, na mbegu zake hazipatikani kirahisi kwa anayezihitaji leo.

Nyuzi zisizoonekana

Viumbe wengine ambao mkulima huwategemea bila kuwajua ni kuvu za mizizini, ziitwazo maikoriza, jina walilopewa na Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885. Mimea mingi ya nchi kavu duniani huishi nazo. Nyuzi zake hupenya mahali ambapo mzizi hauwezi kufika na kuleta fosforasi na maji. Mmea hulipa kwa sukari, kama ulivyowalipa raizobia.

Muhogo ni mfano mzuri. Mizizi yake ni michache na minene, na katika udongo wenye fosforasi kidogo ungeshindwa kuishi bila kuvu hizo. Sifa tunayoupa, ya kustawi hata katika ardhi iliyochoka, kwa kiasi kikubwa ni sifa ya maikoriza. Halikadhalika miti ya paina ilipoletwa Afrika kutoka ng'ambo, miche ilidumaa katika nchi kadhaa hadi ilipoletewa udongo wenye kuvu zake. Na hadi sasa ni desturi ya bustani za miche kuchanganya udongo uliochotwa chini ya paina wakubwa.

Msomaji mwenye bustani aelewe jambo moja litakalomwokolea fedha. Kabichi, sukuma wiki, figiri na ndugu zao hawashirikiani na maikoriza. Muuzaji anayesifu unga wa maikoriza kwa ajili ya kabichi ama hajui anachouza au anajua sana. Kwa mazao mengine, mara nyingi kuvu zimo shambani tayari, na kinachozimaliza ni kulima mara kwa mara, kuchoma mabaki na kuacha ardhi wazi kiangazi chote. Kuacha hayo hakugharimu chochote.

Mchwa wana pande mbili

Nani amewahi kuwasifu mchwa? Hula paa, hula vitabu, na mwaka wa ukame huangusha mahindi karibu na kuvuna. Pamoja na hayo, mkulima wa Tabora au Geita anajua kwamba penye kichuguu kilichosawazishwa mahindi huwa ya kijani zaidi, kwa kuwa mchwa wamepandisha juu udongo wa mfinyanzi na madini ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka mashamba makavu ya ngano ya Australia Magharibi ulionyesha kwamba mahali palipoachwa mchwa na sisimizi mavuno yalizidi kwa asilimia 36 kuliko palipopigwa dawa ya kuwaua, kwa sababu njia zao ziliingiza maji na kuongeza naitrojeni udongoni.

Nchini Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo alianza karibu mwaka 1980 kuchimba mashimo madogo katika ardhi iliyoganda kama sakafu, akatia samadi na majani kabla ya mvua. Samadi iliwavuta mchwa, mchwa wakatoboa sakafu ile, maji yakazama, mtama ukaota, na baadaye msitu. Alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, na alifariki dunia Desemba 2023. Mashimo yenyewe, yaitwayo zai, yalikuwapo kabla yake. Alichokifanya ni kuyaboresha na kuwaamini mchwa wakati majirani walidhani amerukwa na akili.

Kuhusu mahindi yanayoangushwa, shamba lililosafishwa likabaki jeupe huwaachia mchwa chakula kimoja tu kikavu, nacho ni shina la mhindi linalokomaa. Matandazo huwapa kitu kingine cha kutafuna, ingawa katika maeneo yenye mchwa wakali sana hata hayo hayatoshi.

Vita bila sumu

Wapo viumbe wa udongoni wanaotumiwa kama askari. Kuvu aina ya Trichoderma hutumika katika vitalu vya miche kuzuia magonjwa ya kuoza shina. Mfano mkubwa zaidi ulitokea nchini mwetu mwaka 2009, pale makundi ya nzige wekundu yalipoanza kujikusanya katika mbuga za Iku ndani ya Hifadhi ya Katavi, tambarare za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu yalinyunyizia kuvu ya jamii ya Metarhizium kwa ndege katika takriban hekta 10,000. Kuvu hiyo humwota nzige na kumuua baada ya siku kadhaa, lakini haidhuru viboko, samaki wala ndege wanaokula nzige. Katika ardhi oevu ya hifadhi, sumu za kawaida zisingefaa kabisa.

Tahadhari dukani

Mafanikio ya namna hiyo yamezaa soko, na soko limezaa wajanja. Chupa na pakiti zenye maneno "vijidudu", "hai" na "asilia" zimejaa. Mradi wa COMPRO, uliofanyika kuanzia mwaka 2009 katika nchi za Kenya, Ethiopia na Nigeria, ulichunguza zaidi ya bidhaa 100 za aina hiyo, na ni chache tu zilizothibitika kuwa na manufaa. Nyingi hazikuwa na kiumbe aliyetajwa kwenye lebo, au zilikuwa zimechafuliwa na bakteria wengine. Huko Uswisi, jaribio la miaka minne, 2003 hadi 2006, la mchanganyiko mashuhuri wa vijidudu uliobuniwa Japan, liligundua kwamba faida ndogo iliyoonekana ilitokana na virutubisho vilivyomo katika mchanganyiko, si vijidudu vyenyewe.

Kwa hiyo mnunuzi aulize maswali manne: jina la kiumbe ni lipi, idadi yake kwa gramu ni ngapi, imetengenezwa lini, na ilihifadhiwa wapi tangu siku hiyo. Aidha, aangalie kama bidhaa imesajiliwa; mbolea husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), na viuatilifu na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Kituo cha TARI Mlingano kilichopo Muheza, Tanga, ndicho kinachoshughulika na utafiti wa udongo, na kupima udongo kabla ya kununua chochote kungewaepusha wengi na hasara.

Lipo pia suala la hesabu, ambalo wahamasishaji wa kilimo hai hupenda kulikwepa. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na kilo 16 hivi za naitrojeni. Anayevuna tani tatu na kuzipeleka Manzese amesafirisha kilo 48, zaidi ya ile iliyomo katika mifuko miwili ya urea, pamoja na fosforasi na potashi ambazo hakuna bakteria anayeweza kuzitengeneza. Hata soya, pamoja na sifa zake, huondoka na sehemu kubwa ya naitrojeni yake ndani ya punje. Mabua yake yakichomwa, mahindi ya msimu ujao hayarithi kitu. Raizobia wanaweza kumpunguzia mkulima mifuko ya kununua. Anayeahidi kwamba watamwondolea yote anamdanganya, na mkulima maskini ndiye atakayelipia uongo huo kwa msimu mzima.

Nyungunyungu wa jikoni

Kwa mkazi wa mjini asiye na shamba, njia ya karibu zaidi ni nyungunyungu. Charles Darwin aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1881, baada ya kuwachunguza kwa miongo kadhaa, na alionyesha kwamba huupitisha udongo tumboni mwao na kuupandisha juu kidogokidogo bila kuchoka. Wale wanaofugwa kwenye maboksi, hata hivyo, si wa aina ileile inayotoboa ardhi shambani. Ni wale wanaopenda kuishi katika samadi na majani yanayooza.

Boksi la mbao au ndoo pana iliyotobolewa chini inatosha. Tandika karatasi zilizochanwa na samadi iliyopoa, loweka hadi unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa, weka minyoo, na uwape maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani ya chai. Nyama, mafuta, chumvi na ndimu nyingi visiingie. Boksi likae kivulini, maana katika joto la Dar es Salaam boksi lililoachwa juani hupika wenyeji wake kwa mchana mmoja, na sisimizi wazuiwe kwa kusimamisha miguu ya boksi ndani ya makopo ya maji. Baada ya miezi miwili au mitatu, kilichokuwa taka huwa mbolea nyeusi isiyo na harufu. Ili kuitenganisha, sogeza mbolea yote upande mmoja na weka chakula kipya upande wa pili. Minyoo watahama wenyewe katika wiki mbili hivi. Viganja viwili vinatosha shina moja la mchicha au nyanya. Minyoo wenyewe wasipelekwe shambani Chalinze kwa matumaini kwamba watalima, kwa kuwa katika udongo mkavu usio na samadi hufa.